Kifutio Katika Chumba cha Rada

Jumatatu, 1 Machi 1943
Shajara ni marufuku hapa kilimani. Sheria imebandikwa mlangoni, juu kidogo ya msumari wa kofia yangu. Kwa hiyo hii naificha ndani ya bati tupu la biskuti, chini ya soksi. Hakuna jasusi wa Kijapani atakayethubutu kugusa soksi zangu.

Habari kubwa! Koplo Pengelly anahamishiwa kaskazini. Tepe zake mbili zinabaki bila mwenyewe. Sajenti Crisp, mama mkali anayetusimamia, ametangaza kwamba atakayeziona ndege nyingi zaidi, zikiwa mbali zaidi, ndiye atakayempendekeza kwa mkuu wa kituo azivae. Wote wakamgeukia Dulcie Haberfield. Dulcie! Huona ndege maili tisini baharini huku anajikuna sikio.

Barua ya Mama imefika. Tumeapa kutosema kazi yetu, kwa hiyo ameamua mwenyewe kwamba mimi ni mpishi. Ananisihi nisizidishe chumvi kwenye nyama ya kondoo ya wanajeshi.

Jumanne, 2 Machi
Dulcie ndege kumi na moja. Mimi tatu. Moja kati ya tatu zangu ilikuwa wingu la mvua.

Tatizo ni zamu. Unakaa mbele ya kioo cha rada nusu saa tu, kisha unampisha mwenzako. Eti macho yakichoka huanza kuona visivyokuwepo na kukosa vilivyopo. Labda macho ya watu wengine!

Jioni keki ya Mama imefika kutoka shambani. Keki ya matunda, ndani ya bati lililoshonewa kitambaa cheupe, jina langu juu yake kwa wino. Kabla sijamaliza kufumua uzi, mpango ulikuwa umeshakamilika kichwani.

Jumatano, 3 Machi
Dulcie hana ubavu mbele ya keki. Nilimpa kipande kinene anipe nusu saa yake ya alasiri. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema naipenda kazi. "Haya, shoga, kata na kingine," akasema. "Mimi nikaoshe nywele." Ivy Mott, aliyekuwa zamu mezani pa ramani, naye alipewa chake ili asiseme kitu.

Daftari la zamu ndilo lilikuwa kikwazo. Kila nusu saa huandikwa jina la aliye kwenye kioo, na jina moja mara mbili mfululizo Sajenti analiona hata akisinzia. Kwa hiyo naandika la Dulcie. Kwa penseli, kwa wepesi. Nikipata ndege nzuri, nabadilisha: yeye apewe nusu saa yangu ya kwanza isiyo na kitu, mimi nichukue hii. Nisipopata, hakuna aliyeumia. Kifutio kimo mfukoni. Najivunia akili zangu, sifichi.

Saa kumi ndege yetu ya doria, ile Anson, ilirudi kutoka kuwinda manowari, ikainamisha mabawa juu ya paa letu kama ifanyavyo kila siku. Ina watu wanne. Hatujawahi kuonana nao. Wasichana wote hukimbia nje na kuwapungia vitambaa vya kufutia sahani.

Alhamisi, 4 Machi
Sijui nianzie wapi.

Nusu saa yangu iliisha, nikaanza ya Dulcie, aliyekwenda tena na kipande cha keki na sabuni yake ya nywele. Ivy alikuwa amenipa mgongo, simu masikioni, akingoja namba zangu. Anson ilikuwa ikirudi, maili arobaini nje. Ghafla alama yake kwenye kioo ikanenepa. Tulifundishwa hili wiki ya kwanza kabisa: rubani akibonyeza swichi ya hatari, alama ya ndege yake hunenepa hivyo. Nikafikicha macho. Nikajiambia ni uchovu. Ikanenepa tena.

Ningepiga kelele pale pale. Lakini Sajenti angeingia mbio anikute mimi, na daftari lilisema Dulcie. Nikatoa kifutio. Nikafuta. Penseli haikutoka vizuri, karatasi ikatoa vinyuzi, nikafuta tena. Nilipoinua kichwa, alama haikuwepo.

Dakika nne zilikuwa zimepita. Nikamsomea Ivy namba za mahali nilipoiona mara ya mwisho.

Saa kumi wasichana walitoka nje na vitambaa vyao kama kawaida. Walisimama mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 5 Machi
Wamepatikana, maili nane kutoka mahali niliposema. Jana jioni yote boti ilizunguka kwenye maji ambayo hawakuwemo. Wawili walikutwa hai ndani ya mashua ya mpira. Wawili walikuwa wakining'inia ukingoni, na kabla ya kupambazuka mikono iliwaishia nguvu.

Anson huenda maili mbili kwa dakika. Nimepiga hesabu mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Ni mimi. Naandika hapa kwa sababu popote pengine siwezi kusema: ni mimi.

Jumamosi, 6 Machi
Mkuu wa kituo amemwita Dulcie. Jina lake linasomeka bado chini ya mikwaruzo, na mkuu anaamini alijaribu kulifuta mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi za jiko, nikajiambia akitoka analia nitaingia niseme. Alitoka halii. Nikabaki nimekaa.

Akaja akakaa kando yangu. "Nimemwambia, ndiyo afande, nilikuwa mimi," akasema. "Zamu ilikuwa yangu, Merle, na mimi niliiuza kwa keki. Sasa nikamwambie nilikuwa naosha nywele?" Kisha akanitazama. "Ila wewe niambie. Dakika zote zile ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema macho yalichoka. Akanipa pole. Mimi! Nimeona haya mpaka meno yananiuma.

Jumatano, 10 Machi
Dulcie amepelekwa jikoni, anamenya viazi. Tepe nimepewa mimi. Sajenti alisema wiki hii hakuna wa kuzifurahia, ila lazima mtu azivae. Nimezishona mwenyewe. Ya kushoto imekwenda upande.

Nimeanza kumwandikia mkuu barua ya ukweli wote. Naandika kwa penseli, ili niweze kurekebisha. Mwanzo nimeshaufuta mara tano. Nitaimaliza Jumatatu, baada ya gwaride.

Jumatatu, 15 Machi
Gwaride limepita. Barua bado, karatasi ilitoboka. Mama ameleta keki nyingine, ya kumpongeza koplo wa wapishi.

Ivy amekuja kazini macho mekundu. Hajalala vizuri tangu siku ile. Nikamwambia aende akapumzike, akate kipande cha keki, na apite jikoni ampe Dulcie kingine. Koplo lazima awatunze watu wake. Nusu saa yake ya kioo nitaikaa mimi, juu ya yangu. Kuna Anson mpya iko njiani kurudi, watu wanne, na hawa pia siyajui majina yao.

Daftarini nimeandika Ivy. Kwa penseli, kwa wepesi.