Kuomba Fizikia Iniachie Ngoma Yangu

Ngeleja Bujiku,
Kata ya Sapiwi,
Bariadi.
29 Julai 2025

Mkuu wa Idara ya Fizikia,
Chuo Kikuu anachosoma Esteria.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SEMINA YENU YA MWAKA WA KWANZA

Mwangaluka. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ukiisoma mchana, ihesabu kuwa ya mchana. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, nimesoma mpaka darasa la nne, la tano likanikuta nachunga ng'ombe. Ni kiongozi wa kundi la ngoma la Bagalu hapa kwetu, na ni babu yake Esteria, ambaye mmemharibu. Nasema mmemharibu kwa heshima zote.

1. Novemba mliwaita watoto wa mwaka wa kwanza, mkawaonyesha kazi za mtu aliyesoma fizikia: kupima mionzi hospitalini, kutabiri mvua, kukagua mizani, kuchungulia nyota. Hapo sina neno, mtoto lazima ale. Lakini wewe mwenyewe ulisimama ukawaambia kila mmoja, akirudi kwao likizo, atafute jambo ambalo watu wote wanaliamini na hakuna aliyewahi kulipima, alipime. Kwa nini kwao? Huko chuoni hamna mnachokiamini?

2. Esteria alifika na begi moja na simu. Hakuulizia ng'ombe, hakuulizia goti langu. Aliulizia pembe. Nieleze, maana wewe si wa huku. Bagalu na wapinzani wetu Bagika tunacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na watu wanakwenda wanakotaka. Mwenye watu wengi ameshinda. Miaka thelathini na moja watu wamekuja kwangu, kwa sababu nina pembe ya mbuzi yenye dawa, ambayo naifukia kando ya jabali la uwanjani, na ngoma yetu inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Padri anaijua pembe hiyo. Hajaniuliza, nami sijamsumbua.

3. Akaipima. Aliwaweka vijana wangu wapige ngoma ile ile, mkono ule ule, yeye akasimama hatua mia na simu yake inayosoma sauti. Pembe ikiwepo, simu inasema kitu. Pembe ikipelekwa jikoni kwa bibi yake, simu inasema kitu kilekile. Nikamwambia simu hiyo si ya ukoo wetu, haiwezi kujua. Akacheka, akahamisha ngoma mbali na jabali, na hapo sauti ikanywea. Basi akaniambia, Guku, ndivyo wajukuu wanavyotuita huku, dawa yako ni jabali, ndilo linalowarudishia watu sauti. Nikawaambia vijana wafungashe ngoma. Kuna mambo mzee hajibu mbele ya vijana wake.

4. Jioni ile tulikuwa na mgeni, Masalu, kaka yake mke wangu Lukresia. Ndiye kiongozi wa Bagika. Esteria akamweleza yote, tena kwa kuchora mishale kwenye jivu. Masalu aliuliza maswali mawili tu, akaondoka akiwa ameacha mboga. Profesa, mtu yule hajawahi kuacha mboga.

5. Jumamosi iliyopita nilifika uwanjani saa nne. Masalu alikuwa pale jabalini tangu alfajiri, amekaa kwenye kiti, akanisalimia vizuri sana. Nikafukia pembe yangu katikati ya uwanja kama mtu anayepanda muhogo. Watu walihama. Hata Lukresia alihama. Anasema alifuata kivuli. Upande wangu walibaki watu kumi na mmoja na mbwa, na mbwa ni wangu.

6. Sasa vijana wangu wanasema tukishindwa tena Nane Nane wanahamia kwa Masalu. Kundi hili aliniachia baba yangu. Nikilipoteza nitakuwa mzee tu, na wazee tu huku tuko wengi.

Kwa hiyo naomba semina hiyo ifutwe. Pia Esteria ahamishiwe somo lisilopima vitu. Nasikia sheria ipo. Na uniandikie barua inayosema kwamba jabali halina uwezo wowote, niisome uwanjani siku ya Nane Nane. Muhuri uwe mkubwa, uonekane kwa mbali.

Wasalimie walimu wenzako, wapishi, mlinzi wa geti, na huyo anayefungua barua zako kabla yako. Lukresia naye anasalimia, ingawa hana haki.

Wako mwenye kupimwa,
Ngeleja Bujiku

Nyongeza, 10 Agosti. Barua hii ilikaa kwenye koti ikisubiri mtu wa kwenda mjini. Esteria alikuwa amekwenda kwa mama yake, anayeitwa Binza, nikampigia simu nimgombeze. Akaniuliza upepo wa uwanjani unatoka wapi. Nikasema unatoka unakotoka. Akasema, pima, Guku. Basi siku tisa nimerusha kipande cha pamba hewani, asubuhi, saa sita na saa tisa, nikaandika kwenye daftari kilikoelekea. Saa tisa upepo ulitoka mashariki siku nane. Ile moja nilikuwa kwenye pombe, nikaacha mstari mtupu kuliko kuandika uongo. Jabali liko magharibi, alikokaa Masalu. Nane Nane nikasimama mashariki, nikangoja saa tisa ndipo nikaruhusu ngoma ipigwe. Upepo ukaibeba mpaka kwa watu wa Masalu, wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Lukresia amerudi, na kivuli kilikuwa kulekule.

Malalamiko yote sita nayafuta, muhuri sihitaji. Nauliza tu kama mwaka wa kwanza mnampokea mtu wa darasa la nne mwenye daftari lake. Watu hapa wanasema pembe imeamka, nami nimekubali kwamba imeamka. Esteria amekasirika, anasema kwenu utafiti lazima utangazwe, kila mtu aujue. Sikatai. Naomba idara inivumilie mpaka Masalu afe. Ana miaka themanini na mbili na anakohoa, hatawachelewesha sana.