Ukungu wa Kijani Kwenye Betri

Mwanamume waliyemwita Injinia hakuwa amefungua nati hata moja tangu azaliwe, lakini ovaroli yake ya bluu ilipigwa pasi mpaka mistari ya miguu ingeweza kukata mkate, na mfukoni kifuani alichomeka spana kama bwana harusi anavyochomeka ua. Mjini watu huamini nguo kwanza, mtu baadaye. Hilo alilijua, na ndilo lililomlisha.

Kuhusu magari alijua jambo moja tu. Betri ikikaa sana bila kuangaliwa, vichwa vyake huota unga mweupe wenye ukijani, kama mkate uliosahauliwa kabatini, na umeme hukataa kupita. Dawa yake ni kijiko cha magadi soda, maji ya moto, mswaki mkuukuu, kisha grisi kidogo, na gari linawaka. Ila mwenye gari hakuambiwa hivyo. Injinia alikuna kidevu, akashusha sauti kama daktari aliyesimama mlangoni: "Ni ukungu. Umeshaingia kwenye nyaya." Kisha akaondoka na betri "kwenda kuitupa", akarudi jioni na "mpya", ambayo ilikuwa ile ile, imeogeshwa.

Kwa ujanja huo alikuwa amejipatia jiko la kuokea la milango miwili, kutoka kwa mwanamke wa upande wa pili wa soko mwenye kigari cha kusambazia mikate. Jiko lenyewe halikumfaa kitu, maana hata chai alikuwa akinywa hotelini. Lilikaa chumbani kwake, naye akawa anahifadhi viatu humo.

Sasa Injinia alikuwa na shida, tena ya kweli. Alikuwa amempenda binti wa dereva mmoja mstaafu, na kumpenda kwa moyo wote, jambo lililomshangaza hata yeye. Na kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amemwambia baba wa binti kwamba ana gari.

"Basi Jumapili uje nalo tulione," mzee alimjibu. "Kukosa gari si aibu, mimi mwenyewe nimeendesha ya watu miaka thelathini. Lakini mtu mwenye gari la mdomoni, huyo simpi binti yangu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Injinia hakuwa na hata baiskeli.

Ndipo alipoliona. Uani kwa mjane mmoja mwoka keki palikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, magurudumu yamejaa upepo, viti vimevalishwa vitambaa vya kufuma. Boneti ilikuwa wazi, na mama mwenyewe, aproni imejaa unga, ameinama kama anayechungulia kisima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niazime macho, yangu yamechoka. Gari la marehemu mume wangu hili. Nikizungusha ufunguo, kimya. Halikohoi hata kidogo."

Injinia akachungulia, na moyo ukamruka. Ukungu ulikuwa umefura juu ya vichwa vyote viwili vya betri, mweupe huku, kijani kule, umejikunja kwa mawimbi mazuri. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na ukungu uliokomaa namna ile. Sisimizi watatu walikuwa wakiupanda kwa mstari. Akawapuliza.

"Mama, nikuambie ukweli au nikufiche?"

"Sema tu. Nimezika mume, sitashindwa kuzika gari."

"Ukungu mweupe hutibika. Huu ni wa kijani. Umeshakula nyaya, na ukimaliza nyaya unahama. Keki zako unaziweka wapi?"

"Chumba hicho hapo."

"Enhe."

"Mama wee. Uhamie kwenye keki zangu?"

"Mimi sisemi kitu. Utaalamu ndio unaosema. Lakini kwa kuwa wewe ni kama mzazi wangu, nitakuondolea mzigo huu."

Mama akapangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Bure? Hapana, mwanangu. Mali ya marehemu haitolewi bure, atanijia ndotoni. Nipe hata kitu kidogo. Unaona jiko langu, mlango nimeufunga kwa waya kama zizi la mbuzi."

Injinia akalikumbuka kabati lake la viatu. "Ninalo jiko. La milango miwili."

"Milango miwili?" Mama akashika kifua. "Hilo ni kubwa mno kwa gari lenye maradhi."

"Chukua tu, mama. Mimi nina huruma, ndiyo inayonirudisha nyuma maishani."

Kesho yake jiko likafika juu ya mkokoteni. Fundi viatu wa jirani akaitwa kuandika karatasi na kuwa shahidi. Injinia, kwa kuogopa kwamba mama akilisikia gari linanguruma atageuka, akamsomea maneno ya kuandika: vitu vimepokewa kama vilivyo, wala hakuna kurudishiana.

"Hilo la mwisho andika mara mbili," mama akasema kwa upole, "lisije likasahaulika."

Jumapili asubuhi Injinia alikuja amenyoa, na mfuko wa magadi soda, chupa ya maji ya moto na mswaki. Akanyunyiza magadi, akamimina maji, akangojea povu. Povu lilikuwa haba. Ukungu uliyeyuka ukawa uji wa kijani, ukachuruzika ukinukia vanila. Chini yake vichwa vya betri viling'aa, vimepakwa grisi mpya. Sisimizi wakaanza kufika kwa makumi, kama walioalikwa.

Akaingia garini akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akiliita gari kwa majina ya mapenzi. Kimya. Akashuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaangalia mbali zaidi ya betri. Pale palipopaswa kuwa na stata, mota ya kuwashia injini, palikuwa na tundu, na ndani ya tundu panya alikuwa amelala juu ya kipande cha kitambaa cha kufuma.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Haliwaki, mwanangu?"

"Mama, hii ni sukari."

"Sukari ya unga, ute wa yai, na rangi ya kijani tone moja. La pili lingeharibu. Nilirudia mara tatu, maana wa kwanza ulitoka kama waridi."

"Umenitapeli, mama."

"Mimi? Mimi niliomba macho. Ukungu uliutaja wewe, na kuhama ukauhamisha wewe. Stata mume wangu alimpa shemeji yake zamani, na wewe hukuuliza."

Mlangoni akatokea mwanamke wa mikate, amebeba kiatu kwa ncha za vidole. "Kaka, hiki chako. Kilikuwa ndani ya jiko langu."

"Mdogo wangu huyo," mama akasema. "Tumbo moja."

Injinia akakaa chini kando ya gurudumu, ovaroli na pasi yake, akayamwaga yote: binti, mzee, gari la mdomoni, Jumapili. Hakupamba neno. Dada wawili wakatazamana.

"Dereva mstaafu, mwenye nyumba ya mlango mwekundu?" mama akauliza. "Keki yake iko mezani, ameagiza kwa ajili ya mgeni. Inuka uibebe. Na usiiegemee."

Hivyo Injinia akaenda ukweni pamoja na dada hao wawili ndani ya kigari cha mikate, keki mapajani, akivutwa na betri ile ile aliyowahi kumuuzia mwenyewe kama mpya.

Mzee alikuwa langoni. "Gari lako liko wapi?"

Injinia akashuka, keki mikononi. Mama akashuka na karatasi mkononi. "Analo, mzee. Mimi ndiye niliyempa, na hapa imeandikwa. Ila halitembei."

Mzee akasoma mpaka mwisho, kisha sehemu ya mwisho akairudia, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa mara mbili. "Hili si la mdomoni," akakiri. "La mdomoni huwa linatembea. Haya, fundi, hebu angalia na langu. Tangu jana limenuna."

Akafungua boneti. Juu ya betri palikuwa na ukungu, mweupe kwa kijani. Binti alikuwa dirishani anatazama. Injinia akampa mama keki, akainama akatafuta sisimizi, hakuona hata mmoja. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akachovya ncha ya kidole, akalamba.

Uso ukamkunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

"Ndivyo mnavyopima siku hizi?" mzee akauliza.

"Ndivyo, mzee," Injinia akajibu, ulimi ukimwaka moto. "Huu ni wa kweli. Hauhami wala hauui. Ni magadi soda kijiko kimoja, maji ya moto na mswaki mkuukuu. Hata wewe mwenyewe ungeweza."

"Na kikombe cha maji baridi," mama akaongeza kutoka nyuma ya keki. "Cha fundi kusukutulia."