Mapambo ya Ndani ya Saa Yamefukuza Wakwe

Nchelenge, siku ya tatu ya wiki

Kwa Papa Mukubwa Mulumba,
Fundi wa saa za mukono, soko ya Mwansabombwe

Papa Mukubwa wangu wa heshima,

Mimi Kapinga, muke wa Michée, mutoto wa ndugu yenu, ninawasalimia nikiwa nimesimama, sababu mutoto wetu Dédé iko ku mugongo na nikikaa analia. Kama maandishi yanapinda, musikasirike. Ni yeye anavuta mukono.

Papa, ninaandika kuwashitaki. Ninawashitaki kwa upendo, lakini ninawashitaki. Wakati wa matanga ya papa mukwe mulilala kwetu wiki mbili. Badala ya kufundisha Michée namna ya kubeba mutoto, mulimufungulia ile saa ya zamani aliyoachiwa na baba yake, mukamupa lupu, kile kioo cha kukuzia vitu, mukamuonyesha mapambo ya mashini yake: mistari ya Genève iliyochongwa ku chuma, inayotoka kipande kimoja na kuingia kingine bila kukatika, kama chitenge iliyoshonwa na fundi mujuzi, viduara vinavyopandana kama magamba ya samaki pale, pembe zilizosuguliwa mpaka zinang'aa, visi za kukazia mashini, za buluu iliyotoka ku moto, si ya kupaka rangi. Mukamwambia: "Saa nzuri unaijua kwa ndani." Kiisha mukapanda basi. Sisi tukabakia na hilo neno. Muone vile limetufanya.

1. Mu nyumba. Saa ya marehemu inafunguliwa kwa kila mugeni. Hata mutu aliyekuja kuomba chumvi anaonyeshwa visi kwanza. Unga wa mihogo umeingia ndani, na siku hizi inasema saa tatu, asubuhi na mangaribi. Ninasema: "Michée, pokea mutoto." Anajibu: "Ngoja kidogo, niko naangalia mustari." Papa, mustari haulii. Mutoto analia.

2. Mu kanisa. Pasta Ngoy alinyoosha mukono abariki Dédé. Michée akaushika ule mukono. "Pasta, hii saa ni ya miaka gani?" Akaifungua na kisu cha mukate, mbele ya wamama wote. Mistari ilikuwa, ndiyo, lakini ukiigeuza ku mwangaza haichezi, na pembe hazikusuguliwa. Akatangaza: "Hii ni ya kupigwa tu, kama muhuri." Sasa watoto wa kanisa wanamwita Pasta Muhuri, na Dédé wangu amebarikiwa nusu.

3. Hii ndiyo inaniliza. Mudogo wangu Fidélie hana baba, munajua. Michée ndiye anasimama kwa nafasi yake. Siku ya posho, mwisho wa wiki, Gauthier alivuka kutoka kisiwa cha Chisenga na shangazi yake na wazee wawili, kuja kuomba ndoa ya Fidélie. Huyu Gauthier, Papa, akifika kwetu anabeba Dédé bila kuambiwa. Mwanaume peke yake mu Nchelenge nzima! Bukari ya mihogo ilikuwa ku meza, na samaki pale mbili kubwa. Akanyoosha mukono kunawa, na ku ule mukono saa kubwa, rangi ya zahabu. Michée: "Bofrere, shemeji wangu, leta kwanza hiyo." Tak! kifuniko kikatoka. Ndani hakuna mustari, hakuna kiduara. Kimashini kidogo mu plastiki, kama kasamaki kamoja ka chisense mu sufuria ya watu kumi. Shangazi akauliza: "Tulileta mutoto wetu aoe, ao tulileta saa?" Michée akamujibu: "Mama, ninyi samaki munanunuaka bila kufungua mashavu?"

Ku hii ziwa kila mutu anafunguaka mashavu kwanza, aone kama samaki ingali muzuri. Wageni wakasimama bila kula, wakarudia ku mashua yao. Toka siku ile Fidélie hasemi na sisi. Anatua ndoo ya maji mpaka nyumba inatetemeka.

4. Mutu akizoea ndani, hawezi tena kurudi inje. Sasa Michée anapindua nguo za majirani ku kamba, aone mushono wa upande wa pili. Na juzi aliniangalia murefu, akasema: "Kapinga, wewe ndani yako iko na mistari." Papa, nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Nilifurahi mpaka nikakumbuka hajachota maji.

Basi ninaomba kwa unyenyekevu. Muandikie wale wazungu wa Genève wanaotengeneza saa, waache kupamba mahali hakuna mutu anaishi, ao waweke mapambo inje, tuone wote mara moja tumalize. Wasipojibu, mukubaliane na mafundi wenzenu saa zote za dunia zichomelewe kwa nyuma. Mafundi wakikataa, muandikie Michée karatasi: kwamba saa yenye mistari na saa ya uchi zote zinasema saa sita wakati jua liko juu ya kichwa, na mutu hapimwi kwa kifuniko cha saa yake. Musiipige muhuri, hataiamini. Muandike kwa mukono. Wakwe wamekubali kurudia mara moja tu, siku ya Mungu hii, tukitoka kanisa. Michée akiwarudisha tena, ndoa imekufa.

Munisalimie Mama Mukubwa Colette na magoti yake, wajukuu, na kila jirani wa parsele yenu anayenikumbuka. Wasionikumbuka pia, sina nguvu ya kugombana.

Mutoto wenu mwenye heshima na usingizi,

Kapinga, mama ya Dédé

P.S. Barua hii nilitaka kuipa Webby, dereva wa basi ya asubuhi, mutu wa adabu na wa kusali. Lakini alipovua saa anawe uso, niliifungua kidogo tu na kijiko cha Dédé. Visi ni za kupaka rangi, Papa! Neno la ndoa ya mudogo wangu siwezi kuliweka mu mukono wa mutu kama yule. Nimemupa Thandiwe, muuza nyanya anayekuja ku soko yenu: kisaa chake cha urithi kimekwaruzika inje, lakini ndani mistari inapita mpaka mwisho. Na kama muko na saa moja yenye mistari ya kweli, mumupe huyo Thandiwe ailete mbele ya siku ya Mungu. Gauthier ataivaa. Michée asijue.