Tisini na Tisa

Jumatatu, 9 Februari

Mutch kaniita tena lile jina. Dukani, mbele ya watu, nimeshika chupa ya maziwa. Eti, vipi, Tisini na Tisa, Jumamosi tutashinda? Watu wakacheka. Muuza duka naye akacheka, na maziwa yake nanunua mimi miaka nenda miaka rudi!

Ieleweke. Mimi, Struan Peebles, niliifungia timu yetu ya Inverdrum Thistle magoli tisini na tisa. Ya kichwa, ya mguu, moja la makalio, lakini goli ni goli. Hakuna aliyenipita isipokuwa Fergie Mutch, mwenye mia kamili, na hilo la mwisho lilikuwa penalti ya huruma mbele ya kipa mwenye mafua. Mwenye mia hutundikiwa picha ukumbini mwa klabu, juu ya meko. Mwenye tisini na tisa hupewa jina la utani.

Siku waliponipa ukocha, mwenyekiti wetu Bi. Effie Carnegie, yule mwenye duka la pai, aliichana leseni yangu ya uchezaji huku namtazama. Akasema goti langu linalia kuliko geti la makaburini. Tangu hapo Mutch ni msaidizi wangu, na kila nikipanga kikosi pale ukumbini, picha yake inanikodolea macho.

Sasa basi. Jumamosi tunacheza na Auchtermore. Nitafunga la mia. Liwalo na liwe.

Jumanne, 10 Februari

Nimepata! Nimejipongeza kwa pai mbili.

Kwenye ligi zetu hizi za chini, timu huruhusiwa kumchezesha mtu inayetaka kumjaribu bila kumtaja. Kwenye orodha huandikwa tu "Mchezaji wa Majaribio". Hakuna anayeuliza ni nani. Nimezisoma kanuni zote na sijaona mahali wanapomkataza kocha kujijaribu mwenyewe. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa mchuzi wa pai. Sikuzibandua.

Tatizo sura. Kipara changu kinajulikana mji mzima. Nimekwenda kanisani kuazima nywele na ndevu za bandia za mmoja wa Mamajusi wa igizo la Krismasi. Mchungaji akauliza za nini. Nikasema za ibada ya nyumbani. Ndevu nyekundu, zinafika kifuani, zinanuka panya. Nikizivaa, hata mama yangu mzazi atanikaribisha kama mgeni.

Nimemwambia Bi. Effie nimepata mshambuliaji wa kujaribiwa, kijana mkimya wa kisiwa cha Lewis, hajui lugha yoyote ila Kigaeli, ile ya wazee wa visiwani. Asiyejua lugha haulizwi maswali. Akashangaa kidogo, maana siku hizi huko hata kondoo wanajua Kiingereza. Halafu akashika kifua. Kumbe mama yake ni mzaliwa wa Lewis! Atakuja mwenyewe kumsalimu mtoto wa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Kigaeli mimi najua neno moja, na ni la kugongeana glasi.

Jumatano, 11 Februari

Mazoezi ya siri, kwenye mlima wa nyuma ya kanisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila goti langu haliinami. Nilipanda kwa miguu, nikashuka kwa kuburuzika. Kondoo walinitazama kwa huruma.

Senga, mke wangu, akanikuta jikoni nimejifunga gotini mfuko wa njegere za kwenye friji. Ndizo zilikuwa chakula cha jioni. Nikasema nimejigonga kwenye meza. Akasema, "Struan, baba, una miaka arobaini na sita. Hicho unachokipanga, kiache." Miaka yote hii ya ndoa na bado hanijui. Siachi ng'o.

Alhamisi, 12 Februari

Balaa jipya. Kocha na mchezaji huyu hawawezi kuonekana pamoja, kwa hiyo kocha lazima augue. Nimechagua matumbwitumbwi. Yanaambukiza, na mwanamume mwenye akili zake hayasogelei. Nikampigia simu Bi. Effie na viazi viwili mdomoni. Akanipa pole nyingi, akaniamuru nisitoke ndani. Halafu akasema Jumamosi timu itakuwa chini ya Mutch.

Mutch! Hilo sikuliwaza. Nilimeza kipande cha kiazi.

Ijumaa, 13 Februari

Ndani kutwa. Mutch kapiga simu kunijulia hali. Sauti ya upole mno, haikunipendeza. Akauliza huyo mtu wa Lewis anachezaje. Nikamwambia kweli tupu: mwepesi, ana akili ya goli, mchezaji wa aina yake huzaliwa mara moja. Akauliza magoti yake yakoje. Nikasema ya chuma. Akakohoa sana, mpaka simu ikakatika. Nadhani anaumwa kifua.

Jumapili, 15 Februari

Jana sikuandika. Vidole vilikufa ganzi.

Nilifika uwanjani ndevu zimegandishwa kwa gundi ya zulia. Bi. Effie akanijia na Kigaeli chake, machozi yanamlengalenga, akanishika mikono yote miwili. Nikakohoa. Akaongeza maneno. Nikaongeza kikohozi. Mwisho akaniletea supu ya ng'ombe ya moto kikombeni, akanifunga skafu yake shingoni. Mwanamke mwema. Nilijisikia vibaya, kama dakika moja hivi.

Mutch akaniweka benchi. Kipindi cha kwanza benchi. Kipindi cha pili benchi! Upepo wa baharini ukanipiga mpaka ndevu zikaota barafu. Mimi ndiye bosi wake na nimekaa kama gunia la viazi. Zilipobaki dakika tano, bila kwa bila, akanigeukia. "Haya, kijana wa Lewis. Kafunge."

Nikaingia. Nilikimbia, wallahi nilikimbia! Goti likawa linalia na mimi nalipuuza. Kona ikapigwa. Beki wao akanivuta ndevu, upande mmoja ukabanduka na ngozi yake, nikageuka nipige yowe, mpira ukanigonga utosini ukaingia wavuni.

La mia!

Uwanja ukalipuka. Nikapiga goti nishukuru, goti likakataa kunyooka, wakanibeba juu juu. Nikiwa huko juu nikamsikia Bi. Effie kwenye kipaza sauti. "Mfungaji wa goli ni Mchezaji wa Majaribio."

Nikasubiri jina langu. Hapo ndipo akili iliponifikia, inachechemea kama mimi. Mchezaji wa Majaribio hana jina. Nikijitaja, mimi nisiye na leseni, ushindi unafutwa na ukocha unakwenda. Nikinyamaza, ni tisini na tisa mpaka kaburini. Nikalia ndani ya ndevu, mtu mzima mimi. Bi. Effie akadhani nimekumbuka kisiwa.

Leo mchana Mutch kaja kumtazama mgonjwa, na bakuli la supu. Senga akamwingiza sebuleni, akabaki mlangoni. Mutch akaweka supu mezani. Kando yake akaweka kipande cha ndevu nyekundu alichookota golini. Nikasubiri kicheko.

Hakucheka. Akasema, "Goli zuri, Struan. Nililiona mimi."

Struan! Sijamsikia akilitaja jina hilo tangu tulipostaafu. Akasema ukutani hawezi kuniweka, kanuni ni kanuni, lakini yeye ameliona, na jina langu halitamtoka mdomoni kwa mtu. Tukanywa supu. Mlangoni akageuka akasema pole na matumbwitumbwi, Tisini na Tisa.

Senga akaniambia basi, mume wangu, umefunga, na yule uliyetaka aone ameona. Uridhike. Nikamwambia nimeridhika. Na kweli nimeridhika, tangu saa nane mpaka saa kumi.

Saa kumi Bi. Effie kapiga simu. Anamtaka tena yule kijana wa Lewis Jumamosi ijayo. Mchungaji naye anataka ndevu zake. Angoje.

Maana nimepiga hesabu. Kijana wa Lewis ana goli moja. Yamebaki tisini na tisa tu, na picha yake itatundikwa ukumbini na ndevu zake, juu ya ile ya Mutch. Njegere nimezirudisha kwenye friji. Kesho naanza mlima.