Waraka Usio na Salamu

Jumatatu, 5 Julai 1993

Wanamapambano wenzangu, mtakaoisoma shajara hii nikiwa nimekwisha kuwa historia! Soko la mazao limefunguliwa, minyororo imekatika, na mimi, Kalisti, mwaka wa pili chuo kikuu, niko likizo nyumbani Katandala nikiwa Katibu wa Umoja wa Wakulima. Jumamosi saa nne afisa ushirika anakuja kutuandikisha. Sharti: wanachama thelathini, wao wenyewe, wakiwa wamesimama mbele yake. Wasipotimia, mavuno ya mwaka huu yatauzwa gunia moja moja, kila mtu na mlanguzi wake. Wanachama wangu wako bondeni, Mtowisa na Kaoze, mwendo wa siku nzima kwa lori. Sitishiki. Nimetuma Waraka Na. 7. Kurasa tisa!

Jumatano, 7 Julai

Majibu yamepanda na lori la mpunga. Otilia, kiongozi wa tawi la Kaoze, aliyeishia darasa la saba, ameandika kurasa mbili: hali yangu, hali ya Mama, kifua cha Mama, mbuzi wa jirani yetu. Kuhusu Jumamosi: mengine tukionana. Ngeleja, mfugaji anayeongoza Mtowisa, amemwagiza utingo kwa mdomo: anasalimu sana, karatasi zangu ni nzuri, zimewasha moto mara moja.

Nimemgundua adui. Salamu! Zinakula muda, zinakula wino, zinakula mapinduzi. Waraka Na. 8 nimeuandika kwa dakika mbili: KALISTI. KATANDALA. JUMAMOSI SAA NNE. WOTE.

Mama aliusoma, akakaa chini. Aliniomba niongeze japo "hamjambo". Barua isiyouliza hali, alisema, maana yake mwenye hali hayupo. Nilimweleza kwamba huo ni ukabaila wa mawasiliano. Lori limeondoka.

Ijumaa, 9 Julai

Hakuna jibu. Hata salamu! Mama ameazima masufuria mawili makubwa kwa majirani. Nilimuuliza ya nini. Aliniambia nikaoge.

Jumamosi, 10 Julai

Kilio kiliingia uani kabla ya watu. Nilitoka na mswaki mdomoni. Kilio kikakatika.

Ngeleja, amejitanda blanketi kwa baridi, alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha akamgeukia dume la ng'ombe aliyemshika kamba. "Haya, katibu. Na huyu sasa nimwambieje?"

Lakini nisikilizeni, wenzangu! Arobaini na mmoja! Waraka ulifika Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri kila nyumba ilikwisha kujua nani apande, nani abaki na mifugo, nani abebe unga wa ulezi, nani kuni. Wafipa wa Kaoze na Wasukuma wa Mtowisa, ambao vikaoni kwangu hugombania hata benchi, walipanda mlima katika lori moja, wazee wa hawa wamekalia magunia ya wale. Nusu saa baada ya kufika, moto ulikuwa unawaka, maji yamechotwa, waliougua njiani wamewekwa juani. Hakuna aliyetoa amri! Niliuliza ni nani aliyewapangia. Hawakulielewa swali. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa mageuzo, mkate ukiinuliwa.

Saa nne afisa alifika. Aliuliza kama hawa wote kweli ni wanachama. Otilia alijifuta machozi, akamjibu: "Andika, mwanangu. Tulikuja kumzika katibu. Kwa kuwa hazikiki, bora tuondoke hata na chama."

Tumeandikishwa! Walimchagua Otilia mwenyekiti kwa vigelegele. Mimi nimebaki katibu, kwa hoja kwamba kalamu ninayo tayari. Dume ameliwa.

Jumapili, 11 Julai

Otilia, akipanda lori, alinisihi safari ijayo niwasalimu kwanza. Moyo wake hautastahimili mara ya pili. Mama anadai walikuja kwa sababu wananipenda.

Nimetafakari tangu misa ya kwanza. Nimeshuhudia nguvu ambayo hakuna mhadhara ulionifundisha, na hitimisho la kisayansi ni moja tu: waraka mfupi hufanya kazi! Mama hajarudisha masufuria. Sijui kwa nini.

Waraka Na. 9 unashuka kesho na lori:

KALISTI TENA. KATANDALA. JUMAMOSI 17 JULAI, SAA NNE KAMILI ASUBUHI. WOTE. KUNI ZIPO.