Mwenyekiti wa Mapokezi na Mabomba ya Galbet

Jumatatu, 3 Februari 2025

Siku ya kumi na mbili bila maji. Leo nimeanza shajara. Kiongozi lazima awe na kumbukumbu. Bado sijawa kiongozi, lakini kesho tunachagua.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni Musyoka, mwenye Musyoka Magari Safi, mahali pa kuoshea magari hapa mtaa wa Galbet, ukuta mmoja na hoteli ya Ebla. Leo sikuosha gari lolote. Jana pia. Jumamosi ilikuja pikapu moja nikaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Mwenyewe alisema ilikuwa safi zaidi ilipokuja.

Sasa habari kubwa. Ofisi ya maji ina mabomba mapya stoo, ya mita mia nane. Yanatosha mtaa mmoja tu. Alhamisi ya wiki ijayo injinia atakuja kusikiliza wafanyabiashara, kisha aamue yapite barabara yetu au upande wa pili wa soko. Anatakiwa msemaji. Nani kama mimi?

Maggie, mke wangu, amesema mabomba yakienda kwingine tunafunga biashara na kuhamia Meru kwa kaka yake, Mwiti, mwenye kuku mia nne. Ameshampigia simu. Mwiti amefurahi, eti kuna banda halina mtu. Mimi na kuku hatupatani. Nikiwa darasa la pili jogoo alinidonoa, na alama ninayo mpaka leo. Lazima nishinde!

Jumanne, 4 Februari

Mpango wangu ulikuwa safi kabisa. Mpinzani ni mmoja tu, Ebla. Ana sauti, ana akili, na watu wanampenda bila sababu ya maana. Kwa hiyo niliitisha mkutano saa moja asubuhi, saa ambayo hoteli yake imejaa na hawezi kutoka. Nikapanga viti ishirini. Nikavaa koti.

Saa moja na nusu bado nilikuwa peke yangu. Halafu nikasikia makofi upande wa pili wa ukuta.

Sikuwa nimefikiria kwamba wateja wanaojaza hoteli ya Ebla saa moja asubuhi ndio wafanyabiashara wenyewe. Walifanya mkutano palepale, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia. Wakamchagua Ebla kwa kauli moja. Nilipinga. Nilisema uchaguzi haukufuata taratibu. Nuh, mwenye mkokoteni wa punda unaotuletea maji kutoka mtoni, akaniuliza kwa upole kama nataka warudie kura. Nikatazama nyuso zilizokuwapo. Nikasema hapana, tusipoteze muda.

Ebla akanionea huruma. "Musyoka walaalo, ndugu yangu, usinune. Wewe ni mtu ya wageni. Shika mabokezi."

Nilinuna mpaka kikombe cha pili. Hapo ndipo nikaona. Msemaji anasema dakika kumi, basi. Lakini mtu wa mapokezi ndiye uso wa kwanza mgeni anaouona, na wa mwisho. Kumbe nimeshinda! Nimeagiza muhuri.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ngumu. Naandika nikiwa na uvimbe juu ya sikio.

Niliwaza hivi: injinia akija, apokewe na kiu yenyewe. Aione kwa macho. Nikaazima mitungi mitupu ya njano, sitini kwa hesabu. Wakati wa swala ya Ijumaa, barabara ikiwa tupu, nikaipanga foleni moja kutoka kona ya msikiti mpaka kwangu. Yalikuwa mazoezi tu. Ilipendeza! Nilirudi nyuma nikaitazama, machozi yakanilengalenga.

Watu wakatoka msikitini. Nani Galbet akiona mitungi imepangwa foleni huwaza mazoezi? Huwaza jambo moja tu, lori la maji liko njiani. Baada ya dakika kumi foleni ilikuwa imefika kituo cha mafuta. Asiyekuwa na mtungi aliweka jiwe. Aliyekosa jiwe aliweka kiatu. Weris, mama anayeuza makaa, aliwapigia simu dada zake wote watatu nao wakaja mbio, kila mmoja na mitungi minne. Ugomvi ukazuka kuhusu jiwe la nani lilitangulia kiatu cha nani.

Nikapanda juu ya kiti nikaeleza kwamba hakuna lori. Haya ni mazoezi.

"Masoesi ya nini?" Weris akauliza. "Ya kiu? Kiu tunajua tayari!"

Mitungi ikaanza kuruka. Namshukuru Mungu ilikuwa mitupu. Nuh alinificha nyuma ya punda wake, na hata punda alisogea pembeni kama hataki kuonekana na mimi. Ebla ndiye aliyetuliza watu. Alitoa chai bure, nusu kikombe kila mtu, maana maji hayakutosha vikombe vizima. Mimi sikupewa hata nusu.

Maggie ameuliza Meru kuna baridi kiasi gani mwezi wa tatu.

Jumatano, 12 Februari

Muhuri umefika! MWENYEKITI WA MAPOKEZI, GALBET. Wino wa buluu. Nimepiga muhuri bahasha sita, kalenda, na karatasi ya Maggie ya vitu vya kununua sokoni. Maggie hakufurahi kama nilivyotarajia.

Upepo wa kiangazi hiki unapuliza vumbi mpaka kwenye nyusi. Haiwezekani injinia apokewe hivyo. Nina siri. Nimempa Nuh redio yangu, naye kwa siku mbili ameniletea maji kutoka mtoni, safari nane, mpaka tangi langu dogo likajaa pomoni. Punda amechoka, kesho hawezi kazi. Nuh akauliza kama maji ni ya kunywa. Nikamwambia ni ya heshima. Alinitazama sana, halafu akawasha redio.

Sijamwambia Ebla. Nataka ashangae.

Alhamisi, 13 Februari

Mungu wangu.

Niandike polepole. Saa nne injinia alifika, Injinia Idil, mama mrefu mwenye daftari jekundu, na dereva wake, Bare. Magari mawili meupe, lake na la wasaidizi wake, ingawa weupe wenyewe ulikuwa wa kukisia. Niliwapokea vizuri. Nilimpigia injinia muhuri kwenye ratiba yake. Wakaingia hotelini kwa Ebla, dua ikasomwa, Ebla akasimama.

Nilisikiliza mlangoni. Nakiri, alinigusa moyo. Hakusoma karatasi. Aliinua sufuria yake kubwa ya chai, akaipindua mbele ya injinia, hakikudondoka kitu. Akasema hii ndiyo maoni yetu. Akasema kila kikombe wanachokunywa hapa kimetembea kwa miguu minne kutoka mtoni, na leo punda amegoma. Akasema mtu wa Galbet akinawa uso, maji yaleyale anaosha vyombo, na yaleyale anamwagilia mwarobaini. Weris alilia. Injinia akaandika kurasa tatu. Hata Bare dereva aliacha simu.

Mambo yakienda vizuri hivyo, nikasema na mimi nifanye sehemu yangu.

Nikatoka. Nikafungua tangi. Nikaosha magari yote mawili, nje, ndani, chini na magurudumu. Nikapaka sabuni ya povu, ile nzuri niliyoificha tangu Krismasi. Niliimba! Siku ishirini na mbili sijasikia maji yakigonga bati la gari. Yaliyobaki nikanyunyizia uwanja wote kutuliza vumbi, kama inavyofanywa kwa mgeni yeyote wa maana. Jua likawaka juu ya magari, yakang'aa ukashindwa kuyatazama.

Injinia Idil akatoka, wote nyuma yake. Akakanyaga tope. Akatazama kiatu. Akatazama magari. Povu lilikuwa bado linateremka kwenye mtaro.

Akauliza maji haya yametoka wapi.

Nikasimama wima. Nikasema, "Injinia, karibu Galbet. Hapa kwa wageni maji hayakosi!"

Injinia akafunga daftari. Ebla alikuwa ameshika ile sufuria bado, na kwa jinsi alivyoishika nilirudi hatua mbili nyuma.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna anayenisalimia. Nimesalimia punda, hakugeuka. Nimeona aibu kweli, aibu ya kukosa usingizi. Si kwa ajili ya kuku tu. Weris alilia jana kwa dhati, na mimi nikamwaga machozi yake kwenye mtaro pamoja na sabuni. Maggie anafunga sanduku. Amepakia hata muhuri.

Baadaye, saa kumi jioni. Siamini ninayoandika!

Baada ya swala Ebla alikuja, akasema nipande mkokoteni. Nikapanda. Nuh akatupeleka moja kwa moja ofisi ya maji. Njiani nilijaribu kuomba msamaha mara tano. Kila mara Ebla aliniambia nifunge mdomo, "hii mdomo yako inatoa maji kuliko mfereji."

Mbele ya injinia hakunitetea hata kidogo. Alimwambia tu Nuh aseme ukweli. Nuh akaeleza safari nane, siku mbili, punda kulala chini na kukataa kuinuka. Akaeleza redio. Kisha Ebla akasema, abaayo, dada yangu, huyu mtu hajaosha gari wiki tatu na anakaribia kufunga biashara. Alipata tangi moja. Hakunywa, hakuuza. Alikumwagia wewe mgeni mpaka tone la mwisho. Ni mjinga, wallahi, lakini wewe umezaliwa huku, unajua maana ya mtu kumpa mgeni maji yake ya mwisho.

Injinia aliweka kalamu chini. Kisha akasimama, akasema twende Galbet aone mwenyewe. Akagonga tangi langu, likalia tupu. Akafungua mfereji wangu. Ukakoroma. Ukatoa upepo. Halafu akatoka mjusi, akatutazama wote, akarudi ndani.

Injinia Idil alicheka mpaka akashika ukuta. Akafungua daftari jekundu juu ya boneti, akaandika, akasaini. Galbet!

Weris akapiga vigelegele. Nuh akanikumbatia. Nilimwambia Ebla sitasahau maisha yangu yote. Akasema nisahau, ila kabla ya kufanya lolote kwa ajili ya mgeni yeyote, nimwulize kwanza. Nikaapa. Nimeapa mara mbili!

Alhamisi, 27 Februari

MAJI! Yamefika saa mbili na robo asubuhi, siku chache kabla ya Ramadhani. Yalikuja mekundu, yakawa ya maziwa, yakawa maji. Weris alisimama chini ya mfereji na nguo zake zote. Ebla amepika chai vikombe vizima, bure mtaa mzima, nami nimepata viwili. Nimeosha magari kumi na moja na punda mmoja. Maggie amefungua sanduku na kumpigia Mwiti kwamba hatuji. Amenirudishia muhuri mwenyewe, akanibusu kwenye ile alama ya jogoo.

Nimetafakari sana ushindi huu. Ebla alisema vizuri, sikatai. Lakini hotuba husahaulika. Injinia alikumbuka nini? Mapokezi.

Na kazi haijaisha. Nimesikia Jumatatu watu wa afya watapita mtaani kwetu kuona malundo ya takataka yaliyojaa nyuma ya soko, waamue kama tunahitaji lori la kuzoa. Wageni wakubwa hao! Nimeshazungumza na Nuh. Jumapili mikokoteni sita, mafagio ishirini, tunazoa kila kitu mpaka nyuma ya kichinjio, na kunyunyizia maji juu.

Sijamwambia Ebla. Nataka ashangae. Wageni wakifika hawataona hata karatasi moja.