Msitu wa Kuazima

Profesa hakuwa profesa. Jina alilipata kwa sababu ya miwani, na miwani aliinunua kwa sababu ya jina. Kipi kilitangulia, hata yeye alishasahau.

Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa kidevuni, redio ikijisemea juu ya rafu. Mtangazaji alisoma tangazo la Wizara ya Biashara: kuanzia sasa samani za mbao hazitavuka mpaka kwenda kuuzwa nje, isipokuwa mwenye nazo aonyeshe msitu alioupanda kufidia miti aliyoikata. Kinyozi alisema serikali ina mambo. Mwenye Vitanda, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi, alishika kichwa. Kiwandani kwake shehena nzima ya vitanda ilikuwa inangoja lori, na tangu azaliwe hakuwahi kupanda hata kitunguu.

Profesa alimtazama kupitia kwenye kioo.

"Mimi msitu ninao," akasema, povu na yote.

Hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni kiwanja pembeni mwa mji, urithi wa baba yake, na rundo dogo la matofali lililokwisha kuota majani. Hapo ndipo alipoahidi kumjengea mkewe nyumba. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Mvua ilipovuja tena juu ya cherehani yake katika chumba chao cha kupanga, alifunga virago akaenda kwa mama yake.

"Nitarudi kwenye nyumba," alimwambia mumewe mlangoni, "si kwenye ahadi."

Tumwelewe mtu kabla hatujamhukumu. Profesa alimpenda mwanamke huyo kuliko alivyoupenda uongo, na hilo si jambo dogo. Angeweza kumfuata huko huko, lakini alikuwa ameapa kwamba mwanamume mwenye akili timamu haishi kwa mama mkwe. Kwa hiyo alitaka nyumba yake, nyumba ilitaka matofali, na matofali, kwa hesabu zake, yalikuwa mfukoni mwa Mwenye Vitanda.

Mama mkwe alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba. Profesa alimkuta akimwagilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumchukua mkeo au umepita tu?"

"Nimekuja kuazima miche."

Mama mkwe aliweka ndoo chini. "Miche hupandwa, mwanangu. Haiazimwi."

"Nataka nione kiwanja kitakavyopendeza. Mwanao asije akaingia kwenye nyumba isiyo na kivuli."

"Nyumba haina ukuta, wewe unaanza na kivuli?"

"Ni mipango, mama."

Mama mkwe alimtazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni. Kisha akasema achukue, ila irudi hai. Mkewe, aliyekuwa kibarazani na kazi yake, alishuka bila neno, akaufunga kwa uzi mwekundu mche mmoja uliovunjika tawi, akarudi kwenye cherehani.

Profesa aliizika miche pamoja na mifuko yake ya plastiki, akafukia vizuri, akasimamisha bango lenye jina la Mwenye Vitanda. Kwa mpita njia ulikuwa msitu unaoanza. Mkaguzi wa wizara akaja, mwanamke mrefu mwenye mafua yasiyokwisha, akapita kati ya mistari, akapenga kamasi, akaridhika. Vitanda vikavuka mpaka.

Siku chache baadaye akaja Mwenye Milango, naye ana shida ile ile. Profesa aliing'oa miche, akaihamishia upande wa pili wa kiwanja, akabadilisha bango. Milango ikavuka. Akafuata Mwenye Viti. Wataalamu husema rasilimali itumike bila kuisha. Profesa alikuwa ameitumia miche ile ile kwa wateja watatu na haikupungua hata jani. Kama huo si uendelevu, basi neno hilo tumeletewa bure.

Ni mara moja tu mambo yalipotaka kwenda mrama.

"Msitu huu nimeshauona," alisema mkaguzi, leso puani.

"Miti hufanana, dada. Kama wanafunzi waliovaa sare."

"Na yule mdogo aliyefungwa uzi mwekundu?"

"Kila darasa halikosi mtundu mmoja."

Mkaguzi alipiga chafya akaondoka. Profesa akamwita mwuza matofali.

Rundo lilipopanda kufika kifuani, tamaa nayo ikapanda. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mji mwingine wenye maseremala, nao redio wanasikiliza. Profesa akaenda huko na picha za msitu wake, akapanga chumba, akamwaga maneno. Wateja walilipa kabla ya kuona. Akamtumia mkewe pesa yote kwa simu, akamwambia, "Nunua mabati. Nikirudi tunaezeka."

"Nitanunua," alisema mkewe.

Mvua zikaanza akiwa huko huko. Kumbe mvua haimngoji mtu amalize mipango yake.

Aliporudi alipitia kiwanjani moja kwa moja. Matofali hayakuwepo. Miche ilikuwepo, imesimama kwa mistari, imenyooka na kunenepa kuliko alivyoiacha. Akaushika mmoja akauvuta. Haukuja. Akauvuta kwa mikono miwili, akaketi kwenye tope.

"Polepole, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake. "Imeshika."

Mama mkwe alikuwa chini ya mwavuli. Pamoja naye walikuwapo mkaguzi, Mwenye Vitanda, Mwenye Milango na Mwenye Viti, wafanyabiashara hao watatu wakitazama bango moja lenye majina yao yote.

"Hongera sana," alisema mkaguzi. "Mwaka huu nimekagua misitu mingi, mingi imezikwa na mifuko yake. Huu una mizizi. Mama ameniambia mko kwenye ushirika."

"Ushirika," alisema Mwenye Vitanda kwa shida. Vitanda vyake vilikuwa vimeshavuka mpaka na hakutaka virudishwe. Wenzake nao wakaitikia, wakaahidi kununua miche zaidi kwa mama ili kila mmoja atimize sehemu yake. Mama aliwaambia asiwe na haraka mtu, miche ipo.

"Na sheria unaijua," mkaguzi alimgeukia Profesa. "Msitu uliosajiliwa kwa biashara ya nje haukatwi wala haujengewi mpaka miti ikomae."

"Ikomae lini?"

"Inategemea mti."

"Hii inachelewa," alisema mama mkwe kwa upole.

Kusema kweli kungempeleka Profesa rumande. Akatafuta uongo wa kumwokoa, akakuta wote umeshatumiwa na mama mkwe. Ilimuuma, tusifichane. Kiwanja cha baba yake kilikuwa kimeondoka akiwa amekikalia.

"Mama," aliuliza taratibu, "matofali yangu?"

"Yapo, baba. Twende nyumbani."

Nyuma ya kitalu kilisimama chumba kipya, rangi bado mbichi, mabati yanang'aa. Ndani mkewe alikuwa anashona foronya za mito ya Mwenye Viti, ambaye huwa haleti kitambaa bila kuringisha picha ya msitu wake. Juu ya meza ya cherehani kulikuwa na kibunda cha uzi mwekundu. Profesa alikitazama, akaelewa kwamba mkewe na mama yake ndio walioitoa miche mifukoni na kupanga yote.

"Hapa ni kwa mama yako," alisema hatimaye.

"Matofali ni yako. Mabati ni yako." Mkewe alikata uzi kwa meno. "Nilisema nitarudi kwenye nyumba. Nimerudi. Wewe ndiye uliyekuwa hujafika."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Profesa aliinua uso, akangoja tone. Halikushuka hata moja. Akaketi kitandani kwa mkewe, amechoka, na kwa kweli amefurahi, ingawa hakuwa tayari kukiri.

Mlango ukagongwa.

"Baba," ilisema sauti ya mama mkwe, "mkeo ameniambia una wateja ng'ambo ya mlima. Wamelipa, na sharti wapate miche yao. Mvua ikikatika, ndoo iko hapa mlangoni."

Profesa alivua miwani, ambayo haikuwahi kumsaidia kuona chochote, akaiweka juu ya cherehani. Kisha akauliza ndoo ni ile kubwa au ile ndogo.

"Zote mbili," alisema mkewe.